Msitu Una Wenyewe: Uhakiki wa Ikolojia ya Msitu wa Maajabu katika Masimulizi ya Pwani, kwa Kurejelea Kisiwa cha Pemba

1.0 Utangulizi

Katika tahakiki za fasihi ya Kiswahili, msitu wenye majini, mizimu na wanyama wasemao huhesabiwa kwa kawaida kuwa sehemu ya mandhari. Mhakiki huutaja, huonyesha namna unavyojenga taharuki au unavyoashiria hofu za jamii, kisha hurejea kwa wahusika binadamu. Kwa kuathiriwa na uhakiki wa kiikolojia, umejitokeza pia mkabala wa pili unaousoma msitu huo kama hazina ya hekima ya uhifadhi: jamii iliweka miko, miko ikaogopwa, na kwa sababu hiyo miti ikasalimika. Makala haya yanadai kwamba mikabala yote miwili inapungukiwa, kwa kuwa haiulizi swali ambalo masimulizi yenyewe hutanguliza: msitu huu ni wa nani?

Mtu wa pwani anapomwonya mwenziwe kuhusu pango, mbuyu au kichaka fulani, hana haja ya kutaja jini wala mzimu. Hutosha kusema kwamba mahali hapo "pana wenyewe". Kauli hiyo ni ya miliki kabla ya kuwa ya hofu. Inamwambia msikilizaji kwamba kuna mkazi aliyemtangulia, kwamba kuingia kwahitaji ruhusa, na kwamba anayechukua kitu bila ya ruhusa anabaki na deni. Hoja kuu ya makala haya ni kuwa maajabu ya msitu katika masimulizi ya pwani ni madai ya umiliki, na kwamba madai hayo hubishaniwa ndani ya masimulizi na nje yake. Anayeyasoma kama pambo, au kama kanuni ya uhifadhi iliyokubaliwa na wote, anauondoa ubishi huo.

Matini zilizochunguzwa ni nne: hadithi ya Goso, riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, uvumi wa Popobawa, na simulizi ya kisiwa cha Misali. Mbili za mwanzo zina asili ya Unguja, na mbili za mwisho zinaihusu Pemba moja kwa moja. Zote zinasomwa kwa kurejelea Pemba kwa sababu ndiko uliko msitu wa Ngezi, ambao viumbe wake halisi wanaweza kulinganishwa na wale wa masimulizi.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, aliuweka msingi wa utanzu huo katika kusita: msomaji hana hakika kama tukio lina maelezo ya kimaumbile au la, na fantasia hudumu muda wote ambao kusita huko kunadumu. Maelezo haya yamewafaa wahakiki wengi, lakini yanakutana na kikwazo katika masimulizi ya pwani. Msikilizaji wa Pemba anayeambiwa kwamba pango fulani lina wenyewe si lazima asite kuhusu kuwepo kwao. Majini wana nafasi katika itikadi ya Kiislamu, na kuwepo kwao si jambo la kustaajabisha. Kusita kwake ni kwa aina nyingine: Je, ni hawa kweli wenye mahali hapa? Je, anayenionya ana maslahi gani katika kutoingia kwangu? Kwa hiyo kusita kunahama kutoka kwenye swali la uhalisia na kuingia kwenye swali la haki.

Uhakiki wa kiikolojia, ambao Cheryll Glotfelty aliusaidia kupata sura ya kitaaluma kwa mkusanyiko wa makala alioshiriki kuuhariri mwaka 1996, huchunguza uhusiano baina ya fasihi na mazingira ya asili. Makala haya yanauchukua mtazamo huo kwa sharti moja. Ikiwa ikolojia ni elimu ya viumbe wanavyohusiana na wanavyotegemeana mahali wanapoishi, basi ikolojia ya msitu wa maajabu haina budi kuwahesabu wakazi wote ambao simulizi inawahesabu, wakiwemo wasioonekana. Kila matini, kwa hiyo, imeulizwa maswali matatu: ni nani wakazi wa msitu, wanadaiana nini, na ni nani mwenye mamlaka ya kuadhibu.

3.0 Ngezi: Msitu Ulivyo na Historia Yake

Msitu wa Ngezi uko kaskazini-magharibi mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, karibu na rasi ya Kigomasha na ufukwe wa Vumawimbi. Ni mabaki ya uoto uliokuwa umeenea katika sehemu kubwa zaidi ya kisiwa. Ndani yake miti mirefu ya sehemu zenye unyevu hukaribiana na vichaka vifupi vya ardhi ya mchanga, na pembezoni mwa bahari huota mikoko. Mpapindi, aina ya mtende isiyoota kiasili popote isipokuwa Pemba, una jamaa zake wa karibu Madagaska. Mgomba mwitu wa huko ni wa spishi yenye asili ya Asia. Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana kwingine duniani, miongoni mwao ninga, chozi na bundi mdogo wa kisiwa hicho. Yumo pia paa mdogo wa Pemba, na popo mkubwa alaye matunda ambaye ni wa Pemba peke yake. Mkondo wa bahari wenye kina cha mamia ya mita umekitenga kisiwa na bara kwa muda mrefu wa kutosha viumbe hawa kuchukua njia yao wenyewe.

Historia ya msitu huu inamtaka mhakiki awe na tahadhari. Katika karne ya 19 misitu ya Pemba ilifyekwa kwa wingi ili kupanda mikarafuu, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangamiza mashamba mengi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo mzalishaji mkuu wa karafuu. Hapana sababu ya kudhani kwamba ardhi iliyofyekwa haikuwa na mizimu wala miko. Wafyekaji hawakuwa na hiari sawa pia: kazi kubwa ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa, ambao hawakuulizwa kama wanaogopa. Ngezi ilibaki, na katika miaka ya 1950 ikawekwa chini ya hifadhi ya serikali. Kwa hiyo dai kwamba miko ndiyo iliyoulinda msitu linahitaji kuthibitishwa mahali kwa mahali. Ardhi ilipopata mwenyewe mwingine mwenye nguvu ya hati, mtaji na viboko, wenyewe wa kwanza walishindwa.

4.0 Hadithi ya Goso: Mnyororo na Kiumbe Asiyesema

Hadithi ya mwalimu Goso ni miongoni mwa ngano alizozikusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha mwaka 1870. George W. Bateman aliwafikishia wasomaji wa Kiingereza hadithi hiyo mwaka 1901. Goso alikuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa alipanda mtini kuiba matunda, buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, naye akafa. Wanafunzi waliazimia kulipiza kisasi. Waliushika upepo wa kusi wakaupiga, ukajitetea kwamba lau ungekuwa na nguvu usingezuiwa na kiambaza. Kiambaza kilimtaja panya akitoboaye, panya akamtaja paka, paka akaitaja kamba, na mlolongo ukaendelea kwa kisu, moto, maji, ng'ombe na inzi, hadi ukamfikia paa. Paa alishindwa kusema neno, akauawa.

Hadithi hii kwa kawaida huainishwa kama ngano ya mnyororo na huachwa hapo, kana kwamba thamani yake ni ya kumzoesha mtoto kumbukumbu. Tukiiuliza maswali yetu matatu, inatoa zaidi. Wakazi wake ni upepo, vyombo vya binadamu, wanyama na watoto, wote katika daraja moja la usemaji. Uhusiano wao ni wa nguvu zenye mipaka: hapana aliye mkuu asiye na wa kumzuia. Kila mmoja anajitetea kwa kuitangaza haja yake ya kumkiri mwingine. Kwa maana hiyo hadithi inachora mfumo ikolojia, na inauchora kwa njia ya kesi.

Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi ni mwisho. Kwa masikio ya wanafunzi, paa hahukumiwi kwa ushahidi kuwa alilitupa buyu. Anahukumiwa kwa kunyamaza. Msikilizaji anajua tangu mwanzo kwamba paa ndiye, na kwamba alikuwa mwizi asiyekusudia kuua, lakini wanafunzi hawajui. Mahakama yao inamwachia kila mwenye hoja na kumuua asiye na kauli. Hadithi inaleta haki na kasoro ya haki kwa pamoja, na inamwachia msikilizaji kuupima mwanya uliopo baina yake. Linganisha na Tolkien katika The Lord of the Rings (1954–1955), ambako miti imepewa wachungaji wenye sauti, walio na uwezo wa kukutana, kujadili na kuiangamiza ngome ya adui wao. Tolkien anaupa msitu wakili. Goso inaonyesha msitu na kijiji visivyo na wakili, ambamo kiumbe anayeishiwa na maneno ndiye anayelipa deni la wote.

Paa wa Pemba hajapata bahati tofauti. Ni mnyama mdogo, mwoga, anayeishi kwa kujificha. Katika majadiliano kuhusu ardhi ya kisiwa, mkulima ana hoja, mvuvi ana hoja, mwekezaji na idara ya misitu wana hoja. Uhakiki unaotaka kuwa wa kiikolojia ungefaa uanze na kiumbe ambaye mnyororo wa hoja unamwishia.

5.0 Mzimu wa Watu wa Kale: Hofu Inapokuwa Kifuniko

Muhammed Said Abdulla alichapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ikiwa riwaya ya kwanza ya mpelelezi Bwana Msa. Kifo kinahusishwa na mahali pa mzimu panapoogopwa, na Bwana Msa, kwa utulivu wa kufikiri, anaonyesha kwamba uhalifu ni wa binadamu wenye tamaa na siri za kibinadamu. Wahakiki wameisoma riwaya hii kama ushindi wa mantiki juu ya ushirikina, na usomaji huo una msingi. Mwandishi mwenyewe alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima tangu mwaka 1958, kazi iliyomweka karibu na elimu ya kisasa ya ardhi na mazao.

Hata hivyo, tukiisoma kwa swali la umiliki, riwaya inaonyesha jambo ambalo mkabala wa uhifadhi hulisahau. Mahali penye wenyewe ni mahali pasipo na mashahidi. Mko unaowazuia watu kuingia unamfaa pia mtu anayetaka kuficha. Hofu ya wengi inakuwa kifuniko cha mmoja asiyeogopa, au anayejifanya kuogopa mbele ya wenziwe. Kwa hivyo miliki ya wasioonekana haijitekelezi yenyewe: daima kuna binadamu anayeitafsiri, anayeitangaza, na pengine anayefaidika nayo.

Lakini riwaya nayo ina upungufu wake. Fumbo linapofumbuliwa, mzimu unabaki mtupu. Bwana Msa anatuambia ni nani asiyekuwa mwenye mahali pale, ila hatuambii ni nani anayestahili kuwa. Jambo hili si kosa la utanzu wa upelelezi, ambao hauna wajibu huo. Ni kosa la mhakiki anayehitimisha kwamba kuondoka kwa hofu kunatosha. Mahali palipovuliwa wenyewe wake wa kale hapabaki bila ya mwenyewe, na historia ya mikarafuu inaonyesha ni nani huwahi kufika.

6.0 Popo na Popobawa: Kiumbe Halisi na Kivuli Chake

Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianzia Pemba, ukavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Watu walisimulia mashambulizi ya usiku ya shetani asiyeonekana, familia zikalala nje kwa makundi, na Unguja mtu aliyedhaniwa kuwa ndiye aliuawa na umati. Martin Walsh, aliyeuchunguza uvumi huo, ameonyesha namna ulivyofungamana na siasa za mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya mapinduzi. Ameeleza pia kwamba jina linatokana na kivuli kinachosemwa kutanda wakati wa shambulio, na wala halina maana kwamba shetani huyo ana umbo la popo. Masimulizi ya nje ya Afrika Mashariki yameliacha jambo hilo la pili, yakamchora popo mkubwa mwenye jicho moja na kumweka katika orodha za madubwana ya dunia.

Popo halisi wa Pemba alikuwa katika hali nyingine kabisa miaka hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 iliaminika kwamba wamebaki wachache mno, na mwaka 1996 aliorodheshwa na IUCN katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sababu zilikuwa kuwindwa kwa ajili ya nyama na kukatwa kwa miti anayolala. Kutokana na tafiti zilizofuata na kazi ya vikundi vya vijiji, kijiji cha Kidike kikiwa mfano unaojulikana zaidi, idadi ilionekana kuwa maelfu, na katika muongo uliofuata ikakadiriwa kuwa takriban 20,000. Makala haya hayadai kwamba uvumi ulisababisha vifo vya popo. Yanadai kwamba simulizi mbili za popo zilikaa katika kisiwa kimoja na muongo mmoja bila ya kukutana katika maandishi ya wahakiki, na kwamba kutokutana huko kunahitaji maelezo.

Sehemu ya maelezo hayo ni mpaka wa mko. Baadhi ya malalo ya popo yamekuwa katika vichaka vya makaburini, ambako miti haikatwi ovyo kwa heshima ya waliozikwa. Hapo mko unafanya kazi, ila unalinda mahali, haumlindi mnyama. Magharibi popo huondoka kwenda kula maembe na mashelisheli katika mashamba ya watu, na akishatoka makaburini hana tena wenyewe wa kumdai. Mwindaji anayemngojea njiani havunji mko wowote. Vikundi vya vijiji vilibadili jambo hili hasa: vilimfanya mnyama mwenyewe awe na wenyewe, popote arukapo. Ni badiliko katika mfumo wa umiliki, na mhakiki anayesema tu kwamba "mila ziliwaokoa popo" anawanyima wanakijiji sifa ya jambo jipya walilolibuni.

7.0 Misali: Kisiwa Kilichofanywa Msala

Misali ni kisiwa kidogo chenye msitu, mapango na matumbawe, magharibi mwa Pemba. Husimuliwa kwamba Hadhara, ambaye wengi humnasibisha na Nabii Khidhri, aliwakuta wavuvi hapo na kuwaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema kwamba kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, ndicho kitakachokuwa msala wake. Jina la kisiwa linaelezwa hivyo.

Tofauti na pango la mzimu, maajabu haya hayamfukuzi mtu. Wavuvi hawakuambiwa waondoke. Waliombwa kitu, na walipokosa, mahali walipokuwa pakabadilika hadhi. Msala ni chombo chenye masharti: huwekwa safi, na wa msikitini hautengewi mtu mmoja, bali kila ajaye huutumia kisha humpisha mwingine. Simulizi inaleta, kwa hiyo, jibu la tatu kwa swali la umiliki. Mwenyewe ni Mungu, na binadamu wana haki ya kutumia, haki inayokatika pale matumizi yanapochafua au yanapomnyima anayefuata.

Misali ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na sehemu ya maji yake ikafungwa kwa uvuvi. Katika miaka iliyofuata mashirika ya hifadhi, yakishirikiana na viongozi wa dini, yalitumia mafunzo ya Kiislamu kuhusu uangalizi wa viumbe ili kuwashawishi wavuvi. Jitihada hiyo hutajwa kama mfano wa mafanikio ya kuunganisha imani na mazingira. Kwa mhakiki, lililo zito zaidi ni kwamba simulizi ile ile inaweza kusomwa na pande mbili. Mlinzi wa hifadhi anaweza kusema kwamba msala hauchafuliwi, hivyo wavuvi wajizuie. Mvuvi wa dago naye anaweza kujibu kwamba msala haufungiwi watu, na kwamba Hadhara aliwakuta wavuvi tayari wapo. Hapana kati yao anayeipotosha simulizi. Nguvu yake imo katika kuwalazimisha wote wawili kubishana kwa lugha ambayo mwingine anaikubali.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi umeonyesha kwamba msitu wa maajabu katika masimulizi ya pwani ni mfumo wa wakazi wanaodaiana. Goso inaonyesha mnyororo wa utegemezi na hatima ya asiye na kauli. Mzimu wa Watu wa Kale inaonyesha kwamba miliki ya wasioonekana huwa na msemaji wa kibinadamu, mwenye maslahi. Popobawa na popo wa Pemba wanaonyesha mahali mko unapokomea. Misali inaonyesha umiliki ulio juu ya wote, ambao hata hivyo haumalizi ubishi.

Mambo matatu yanafuata kwa utafiti wa baadaye. Kwanza, mtafiti anayekusanya simulizi za mizimu ya Pemba aandike pia historia ya ardhi inayozungumziwa: nani alilima, nani aliondolewa, na simulizi ilisemwa kumzuia nani. Pili, dai la kwamba miko imehifadhi mazingira lisikubaliwe bila ya kulinganishwa na sehemu zenye miko zilizofyekwa. Tatu, orodha ya wahusika katika uhakiki wa ngano iwajumuishe viumbe wasiosema, na kunyamaza kwao kuchambuliwe kama tendo ndani ya matini.

Sifa ya Pemba kuwa kisiwa cha waganga na wachawi imerudiwa mara nyingi na waandishi wa kigeni, na kila mara imewafanya wenyeji waonekane watu walioganda katika hofu. Masimulizi yaliyochunguzwa hapa yanaonyesha watu wanaojadili haki ya kuingia, kukata, kuvua na kuwinda, kwa kutumia istilahi ambazo wenzao wanazielewa. Mjadala huo unaendelea, na msitu wa Ngezi bado upo. Uhakiki unaousikiliza unaweza kuwa na manufaa kwa wanaouamua.